Josho la saa saba usiku

Juzi, katika ofisi moja ya mifugo hapa Karagwe, binti wa kompyuta alikuwa akijaribu programu ya kuwatumia wafugaji siku na saa ya josho. Akaandika saa moja, akabonyeza. Simu ya bibi niliyekaa naye benchi ikalia, akaniomba nimsomee.

"Leteni ng'ombe joshoni Jumamosi, saa saba usiku."

Binti akajishika kichwa. Kumbe mashine huanza kuhesabu saa kuanzia saa sita usiku, kwa hiyo moja yake ndiyo saba yetu. Tena alikusudia kujitumia mwenyewe, akawatumia wafugaji wote!

Majibu yakamiminika. Anayasoma kwa sauti, sisi tunacheka hadi machozi.

"Nitafika."

"Tuje na tochi?"

"Sisi wa mbali, wa Kanoni, tulale huko huko?"

Binti akamgeukia bibi. "Samahani sana, bibi. Lilikuwa jaribio tu. Josho ni saa moja asubuhi."

Bibi akamtazama kwa masikitiko. "Mjukuu wangu, mbona nimeshampigia babu yako, anatafuta betri?"

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini usiku. Neno likitoka ofisini, sisi tunauliza tochi tu.