Kompyuta ya Bwana Samaki

Nimeondoka sehemu nyingi maishani, na karibu kila mara niliondoka siku moja baada ya kuharibu kitu. Uvinza, kwenye chumvi, niliharibu pampu. Kalinzi, nilikopanda kwenda kuchuma kahawa, niliifungua mashine ya kumenyea kahawa ili nione imeundwaje, nikashindwa kuirudisha. Kulipokucha nilikuwa nateremka kwa miguu kuelekea ziwani na kifurushi changu. Shule niliiacha darasa la sita. Kule sikuharibu kitu, nilichoka tu kukaa. Aliyenijua vizuri asingeweka dau kwamba ningemaliza juma lile la kompyuta nikiwa bado Kigoma.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa, sabuni ikipatikana kwa foleni na dizeli kwa kibali. Kompyuta ilikuwa moja tu, kwa kadiri nilivyojua, kuanzia Ujiji mpaka Burundi. Ilikaa chumba cha nyuma cha ofisi ya samaki, imefunikwa kitenge kuzuia vumbi. Ililetwa na mradi pamoja na mtaalamu mgeni, ambaye alikaa mwaka na nusu, akaugua malaria mara nne, akarudi kwao. Aliyebaki nayo ni afisa wa uvuvi, mtu mrefu wa Kasulu, mpole, mwenye tai moja. Mjini kila mtu alimwita Bwana Samaki.

Mimi niliajiriwa kutunza jenereta. Lakini jenereta nzima haina kazi nyingi, na mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mtaalamu alipokuwa akibonyeza, mimi nilisimama nyuma yake na tambara la girisi mkononi, natazama. Alipoondoka, aliyejua kuingiza hesabu mle ndani nilikuwa mimi peke yangu.

Hesabu zenyewe zilikuwa za dagaa. Kila asubuhi nilikwenda Kibirizi, siku nyingine Katonga, nikaandika mtumbwi gani umeleta kiasi gani. Kisha nilirudi, nikawasha jenereta kwa saa mbili tulizoruhusiwa, nikaziingiza. Miezi kumi na minne ya dagaa ilikuwa ndani ya kijisanduku cha chuma tumboni mwa mashine, kisichozidi tofali, ambacho mtaalamu alikiita diski.

Ikaja barua kutoka makao makuu. Bwana Samaki apeleke hesabu hizo Dar es Salaam yeye mwenyewe, la sivyo mradi utafungwa na ofisi itarudi kuwa ya mtu mmoja na baiskeli. Treni yake ilikuwa Alhamisi jioni. Jumatatu mchana kompyuta iliniandikia kwamba diski imejaa.

Nilijua kwamba mtaalamu alikuwa ameigawa diski ile mara mbili. Sehemu ya kwanza, kubwa, ndiyo iliyobeba kila kitu. Ya pili aliiacha tupu kwa ajili ya programu fulani ambayo haikufika. Kulikuwa na ukurasa uliozionyesha zote mbili kwenye kioo, na pembeni ya sehemu ya kwanza palikuwa na herufi A. Ya pili haikuwa nayo.

Sasa, ili mtu aelewe nilichofanya, lazima aujue mchanga wa Kibirizi. Wanawake wanaoanika dagaa walikuwa na viwanja vyao pale, vimetengwa kwa mistari ya kokoto. Mama mwenye viwanja viwili au vitatu alichomeka kijiti chenye kitambaa kwenye kile anachotaka kianze kujazwa. Kikijaa, anakichomoa kijiti anakihamishia kiwanja kingine. Wachukuzi wanaotoka mitumbwini na makarai kichwani hawaulizi. Wanakwenda penye kijiti.

Nilikuwa nimeviona vijiti hivyo kila asubuhi kwa miezi kumi na minne. Nilipoitazama ile A, niliona kijiti. Sehemu ya kwanza imejaa, nikajiambia, basi kihamie ya pili. Kompyuta iliniuliza namba, nikabonyeza mbili, na A ikaruka ikakaa nilipotaka. Nilijisikia mtu mwenye akili sana. Nikaizima, nikaiwasha tena.

Taa iliwaka. Mashine ilijihesabu kama kawaida yake, ikapiga mlio mmoja, kisha ikaandika maneno matatu ya Kiingereza kwa rangi ya kijani, yaani mfumo wa kuendeshea mashine haupo. Chini ya maneno hayo kikabaki kistari kinachopepesa. Nikaizima na kuiwasha mara sita. Maneno yalikuwa yale yale.

Nikaenda kumwambia Bwana Samaki.

"Inawaka," nikasema, "lakini haianzi kazi."

"Asubuhi ilianza."

"Asubuhi ilianza, mzee. Sasa imegoma."

Aliizungusha kalamu. "Si kitu, ndugu fundi. Karatasi tulizoandikia ufukweni si zipo?"

Karatasi wakati ule zilikuwa adimu, na kila nilipomaliza kuingiza hesabu nilimpelekea mama wa vitumbua aliyekaa mbele ya ofisi, naye akinipa chai.

"Hazipo," nikasema.

"Ziko wapi?"

"Zimefungiwa vitumbua."

Bwana Samaki aliiweka kalamu mezani. "Nusu ya mji imekula vitumbua juu ya takwimu za serikali," alisema taratibu. "Na mimi Alhamisi nipande treni na nini? Na kitumbua?"

Jumanne asubuhi nilifunga kifurushi. Nisidanganye. Meli ya kwenda kusini ilikuwa bandarini ikipakia, na nilikuwa nimewahi kuifanyia kazi, wangenichukua. Asiye na barua ya kazi siku zile aliweza kukamatwa sokoni akapelekwa shamba kulima kwa nguvu, kwa hiyo ilikuwa bora kuondoka kabla ya kufukuzwa. Nilifika hadi lango la bandari. Mlinzi aliniamkia. Nikasimama pale nikitazama magunia yanavyopandishwa, na kilichonirudisha hakikuwa huruma. Nilijiona nikiwa Kasanga au Mpulungu baada ya mwaka mmoja, nimelala juu ya shehena ya mtu, bado nikijiuliza kwa nini ile mashine ilikataa. Pampu ya Uvinza nilikuwa bado najiuliza. Sikutaka ya pili. Na yule mzee alikuwa na siku tatu tu. Nikageuka.

Tulikuwa na kitabu cha mashine, kinene, cha Kiingereza, na Bwana Samaki alikisoma vizuri kuliko mimi. Alikaa nami chumba cha nyuma, miwani puani.

"Hapa," alisema. "Futa sehemu za diski, gawa upya. Fanya hivyo."

"Soma mpaka chini, mzee."

Akasoma mpaka chini. Akavua miwani. Chini paliandikwa kwamba ukishafuta, kila kilichokuwamo kimepotea.

"Basi hiyo sura hatuigusi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mkubwa wangu asichofanya, na hakubisha.

Kitabu kilisema pia kwamba diski ikigoma, mashine inaweza kuanzishwa kwa disketi, kile kipande laini cheusi cha plastiki kilichokuwa ndani ya bahasha kabatini. Nikakiingiza. Mashine ikanguruma, ikakwaruza, ikakata tamaa, ikarudia maneno yake matatu. Nikajaribu tena mpaka Bwana Samaki akaniomba niache, kwa sababu dizeli ilikuwa imebaki dumu moja na jenereta ilikuwa ikinywa.

Mchana ule nilizima kila kitu, nikafungua skrubu nne, nikachungulia ndani ya mdomo wa kuingizia disketi. Nilikuta vumbi jekundu na magamba ya dagaa. Yalitoka vidoleni mwangu mwenyewe, kwa miezi kumi na minne ya kutoka Kibirizi bila kunawa sawasawa. Kichwa kidogo kinachosoma disketi kilikuwa kimegandamana kama sufuria ya juzi. Kilihitaji kusafishwa kwa spiriti. Zahanati waliniambia spiriti haijaonekana tangu mvua za vuli.

Ndiyo maana Jumatano asubuhi nilikwenda Kibirizi bila daftari. Kulikuwa na mama mmoja pale mwenye viwanja vitatu, ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, na ambaye kando ya dagaa aliuza kitu kingine kwa watu aliowaamini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo huna daftari. Wamekufukuza?"

"Bado."

"Bado. Basi kesho."

"Mama, nina shida na ile dawa yako. Kidogo tu. Robo chupa."

"Dawa gani? Mimi naanika dagaa." Alitazama kushoto na kulia kama balozi wa nyumba kumi yuko karibu. "Gongo asubuhi hii, mwanangu? Umefikia huko?"

"Si yangu. Ni ya kompyuta."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akawaita wenzake, akawaambia serikali imeleta mashine, kumbe nayo ni mlevi, na wale wenzake wakanishauri niipe na kachumbari. Kisha alikwenda nyuma ya kibanda, akarudi na chupa ndani ya khanga.

Nilipokuwa nikiipokea, akaja mchukuzi mmoja na magunia matupu begani. Alikuwa mgeni, siku yake ya kwanza. Alikuwa ametumwa kuzoa dagaa waliokwisha kukauka. Yule mama alikuwa amekwisha kukihamishia kijiti chake kwenye kiwanja kitupu, anangoja mitumbwi. Mchukuzi akaenda moja kwa moja penye kijiti. Akasimama juu ya mchanga mtupu. Akatazama huku na huku.

"Mama," aliita, "dagaa hakuna."

"Hakuna? Na hao hatua tatu nyuma yako ni nini, maharage?"

"Niliambiwa nianzie kwenye kijiti."

"Kijiti nimehamisha mimi. Dagaa hawajahama. Huna pua, baba?"

Wenyeji hawakuwa wakikosea hivyo. Waliujua ufukwe wote, kijiti kwao kilikuwa ukumbusho tu. Lakini mtu wa siku ya kwanza hajui chochote isipokuwa pa kuanzia. Na mimi nikiwa nimesimama na gongo mkononi nikaelewa kwamba kompyuta kila inapowashwa iko kwenye siku yake ya kwanza. Haikumbuki ilikolala. Inakwenda penye A, na penye A nilikuwa nimeiwekea mchanga mtupu. Haikusema dagaa wamepotea. Ilisema pale iliposimama hawapo.

Nilirudi mjini nikikimbia, chupa kifuani, nikiomba nisikutane na polisi.

Nilizungushia pamba kwenye njiti ya ufagio, nikachovya, nikasafisha kile kichwa polepole mpaka pamba ikawa inatoka nyeupe. Bwana Samaki alisimama mlangoni.

"Chumba kinanuka gongo."

"Ndiyo, mzee."

"Sitauliza," alisema, akafungua dirisha.

Tukangoja kikauke. Nikawasha jenereta, nikaingiza disketi. Mashine ilinguruma, ikatulia, ikaendelea kunguruma kwa sauti laini, kisha ikaniuliza tarehe ya leo. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuulizwa tarehe. Kabla ya kugusa kitu kingine, niliiambia inionyeshe yaliyomo katika sehemu ya kwanza. Yakaanza kupanda kwenye kioo: Kibirizi mwezi wa kwanza, Katonga mwezi wa kwanza, Kibirizi mwezi wa pili. Yote. Bwana Samaki alinyoosha kidole akakigusa kioo, kama mtu anayehesabu watoto wake wakiingia ndani.

Nikafungua ule ukurasa wa sehemu mbili. Sikuharakisha, kwa kuwa mstari wa kufuta ulikuwa jirani na mstari wa kuhamisha alama. Nilisoma kila neno kwa sauti, naye akilifuata kwenye kitabu. Nikabonyeza moja. A ikarudi kwake. Nikatoa disketi, nikazima, nikawasha. Ikajihesabu, ikapiga mlio wake, ikaanza kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Alama ilihamaje?" Bwana Samaki aliuliza.

"Niliihamisha mimi. Jumatatu."

"Kwamba ni wewe nilijua tangu Jumatatu. Hakuna mwingine anayegusa humu." Alikunja miwani yake. "Mlinzi wa bandari aliniambia jana alikuona na kifurushi. Nilikuwa nangoja kuona utatoka na meli au utarudi ofisini. Kama ungepanda, ningeifuata ile sura ya kufuta, kwa sababu nisingejua jingine la kufanya."

Nilianza kuchapa.

Utepe wa mashine ya kuchapia iliyounganishwa na kompyuta ulikuwa umechakaa, kila ukurasa tuliuchapa mara mbili juu ya maandishi yale yale ndipo usomeke. Alhamisi saa nne dizeli ilikwisha ikiwa imebaki miezi miwili. Nilikwenda tena Kibirizi, mara hii kuomba dizeli kwa mwenye mtumbwi wa injini, na yule mama akanisemea kwamba nikipewa lita tatu mashine itaacha pombe. Nikapewa. Ukurasa wa mwisho ulitoka saa tisa alasiri. Tuliufunga mzigo wote kwa uzi wa nyavu, na stesheni Bwana Samaki aliubeba kifuani, hakutaka mchukuzi auguse. Alipopanda alinikabidhi ufunguo wa chumba cha nyuma kupitia dirishani, na hakusema lolote juu yake.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Kibirizi na daftari. Mama aliniuliza kama mgonjwa ameamka. Nikamwambia ameamka, anawasalimu. Nikaandika mitumbwi yote, nikarudi, nikanawa mikono kwa jivu mpaka viwiko, nikaketi kuziingiza hesabu kwenye sehemu ya pili, na A sikuigusa. Mama wa vitumbua alinipungia kutoka barabarani akiuliza karatasi zake. Nilimpelekea chupa ile tupu ya gongo kama asante ya chai yake, na karatasi nikazifungia kabatini.