Moshi wa Lori la Shangazi

Ipo asubuhi moja ya kwetu Igowole ambayo hadi leo, mwanangu, nikiikumbuka natafuta sweta. Na kwa kuwa umenunua lori kuukuu na unaniuliza ulitie oili gani na dawa gani, acha kwanza nikiri jambo nililolikana kwa miaka mingi: ni kweli, niliweka mkono juu ya boneti nikaliombea lori. Binamu yangu Festo aliniona. Nilimwambia napangusa umande. Msomi wa chuo kikuu haombei chuma, nilisema, na nimelirudia neno hilo kwenye kila harusi anapoikumbushia hadithi ile.

Lori lilikuwa la shangazi yangu, mama yake Festo, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Lilibeba viazi kutoka Igowole kwenda Chunya kwa wachimba dhahabu. Festo alikuwa dereva. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, ajira sina, shangazi akanipa kusimamia matengenezo, “maana wewe unajua kusoma.”

Injini ilikuwa imechoka. Ilikunywa oili na kutoa moshi wa buluu, na tukipita Makambako vijana wa stendi walipiga kelele: “Oyaa, lori lenu linavuta bangi!” Festo aliogopa kelele zile kuliko alivyoogopa milima. Basi tukaenda Soweto, pale Mbeya, kwenye duka la vipuri. Muuzaji akatuwekea mezani kopo la dawa ya injini, nzito kama asali ya baridi.

“Mwageni hii, moshi kwisha. Halafu tieni na oili nzito, namba hamsini.”

Niliyageuza makopo yale kama ninayesahihisha mtihani. La oili lilieleza wazi kwamba ni ya sehemu za joto. Nikaiwaza baridi ya Igowole, nikafungua mdomo kulisema.

“Dada, wewe umesomea injini au umesomea ushairi?” Festo akaniuliza.

Wanaume waliokuwa dukani wakacheka, nami nikacheka nao. Hakuna kicheko kinachochosha, mwanangu, kama kile unachojicheka ili wenzako wasikuone mgumu.

Tukatia vyote viwili, na moshi ulikoma kweli. Makambako tulipita kwa madaha, Festo akawapigia vijana honi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anashangiliwa?

Kesho yake asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya chai. Viazi vimeshapakiwa, Festo akawasha. Taa nyekundu ya oili, ambayo kwa kawaida huzimika mara moja, ikabaki inatukodolea macho. Injini ikaanza kugonga kwa juu, kaka-kaka-kaka, kama meno ya mtu mwenye homa. Uji ule tulioumimina ulikuwa bado haujapanda kuilainisha. Festo, kwa haraka zake, akakanyaga mafuta ili ipate moto.

“Zima!” Shangazi alitoka na kitenge mabegani.

“Mama, inachemka tu kidogo.”

“Nimesema zima.” Kisha akanigeukia. “Kamwene,” akanisalimia, maana kwetu hata hasira hairuki salamu. “Mmeinywesha nini?”

Nikamweleza.

“Na moshi?”

“Umeisha, shangazi.”

“Umeisha, au mmeuziba mdomo?”

“Mimi nilisoma kwenye kopo kwamba si ya baridi, ila…”

“Ulisoma, ukanyamaza?” Akakaza kitenge mabegani. “Basi wewe na hiyo injini mmenyweshwa dawa moja.”

Tuliimwaga oili yote, tukabadilisha filta, tukatia ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, yenye namba mbili, inayovumilia baridi na joto. Lakini hakuna aliyejua kugonga kule kumeharibu nini ndani. Baada ya Mbeya, njia ya Chunya hupanda mlima. Injini ikikwama pale na mzigo, lori zito lenye breki za kizee hurudi nyuma, na Festo ndiye angekuwa ndani yake. Shangazi hakuwa na mtoto mwingine. Lakini viazi vikingoja vinaoza. Akamruhusu aondoke, na hapo ndipo nilipopangusa umande.

Siku nzima simu ya Festo haikupatikana. Shangazi alimenya viazi akiwa amesimama hadi vikabaki vidogo kama mayai ya kware. Kila lori lililounguruma barabarani tuliinua vichwa, tukaviinamisha.

Basi pokea nasaha, mwanangu, nikiwa bado nimekaa pale jikoni nangoja. Oili ya injini kuukuu haichaguliwi kwa aibu. Anza na iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fikiria baridi ya mahali lori linapolala, si joto la linakokwenda tu. Ukitaka nzito zaidi, ongeza uzito kidogo, kisha sikiliza asubuhi injini inasemaje. Vuta stiki ya kupimia oili kila unaposimama. Dawa ya kopo haioteshi ringi mpya za pistoni mahali pa zile zilizolika, zinazopitisha oili ikaungua ikawa moshi. Hunyamazisha tu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ukipata nguvu, ifungue injini, uitengeneze. Na ukijua jambo, liseme hata kama wanacheka. Wakimaliza kucheka, liseme tena. Mungu akupe injini inayolalamika mapema na masikio ya kuisikia. Akupandishe milima na mzigo wako, akurudishe kwa mama yako ukiwa na vumbi tu.

Jua lilikuwa linazama simu ya shangazi ilipoita. Aliitazama, akanisukumia. “Pokea wewe.”

“Dada!” Ilikuwa sauti ya Festo, na upepo nyuma yake. “Nipo Chunya, tunashusha. Mlimani taa iliwaka, nikasimama, nikavuta stiki, oili imepungua. Nikaongeza, taa ikazimika.”

“Na moshi?”

“We acha! Wachimbaji wanakohoa mpaka wananitukana.”

Nikamgeukia shangazi. “Amefika, na moshi upo,” nikamwambia. Ndipo akatafuta kigoda, akakaa.