Nyumba ya Edinah kule Matulo

Edinah alikuwa mpishi wa shule moja Kitale, na kwa miaka kumi na tisa alikaa chumba kimoja kwa Ngige, mwenye nyumba ambaye hata ukipigilia msumari ukutani anataka maelezo. Kwa hiyo alipopata nyumba ya kununua Matulo, vyumba vitatu na mahali pa kupanda mboga, kichwa kilimvimba. Akamwambia Ngige kwamba Ijumaa anahama, tena akamwambia mbele ya wapangaji wenzake, kwa maringo. Ngige naye hakulaza damu. Siku hiyo hiyo akapata mpangaji mwingine.

Aliyekuwa akiuza ni mzee Mukhwana, aliyetaka kuhamia kwa mke wake mdogo huko Endebess. Kulibaki jambo moja tu: Jumatano bodi ya ardhi ikae, imuulize mke mkubwa, Rispah, kama amekubali boma liuzwe. Yeye akikataa, hakuna kuuza.

Sasa Edinah, na adabu zake, akaona si vizuri kuingia nyumba ya mama wa watu bila hata kumjulia hali. Jumapili akafunga safari na sukari na majani ya chai. Si angekaa tu Kitale! Mzee hakuwepo. Rispah akamkaribisha, akachinja kuku, na huku kwetu ukishachinjiwa kuku wewe si mtu wa kupita tena. Wakala wakashiba. Halafu Rispah akanawa mikono, akasema polepole:

"Mwanangu, mimi sijakubali. Ati niende Endebess nikaombe chumvi kwa yule msichana? Hapa nimezaa, hapa nimezeeka."

"Si uwaambie bodi, mama?"

"Mzee akiwa hapo, mdomo wangu hufunga. Ameshaniambia atanifanya nini. Wewe ndiye unanunua, wewe watakusikia. Waambie tu mama hataki."

Edinah akajibu, "Nimesikia, mama." Hakusema ndiyo, hakusema la.

Siku tatu aliwapikia watoto wa shule huku akijiuliza. Akisema ukweli, Ijumaa ataweka wapi kitanda chake? Akinyamaza, yule mama ataenda wapi? Akamchukia Mukhwana, akamchukia Ngige, na zaidi ya wote akajichukia yeye mwenyewe na hiyo sukari yake.

Jumatano ikafika. Mwenyekiti wa bodi akauliza, "Mama, umekubali boma liuzwe?"

Rispah akatazama miguu yake. Mzee Mukhwana akakohoa. Mwenyekiti akauliza mara ya pili, na Rispah akainua macho, akamtazama Edinah.

"Muulizeni huyu," akasema. "Nilimwambia kila kitu."

Watu wote wakageuka. Edinah akasimama, akijua kabisa anachopaswa kusema.

"Amekubali," akasema. "Aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe, tukila."

Rispah alimwangalia kidogo, kisha akaenda mezani, akaweka kidole alipoonyeshwa. Aliporudi alisimama karibu na kiti cha Edinah, akifuta wino kwa leso.

"Basi usilime pale nyuma ya jiko," akamwambia. "Watoto wangu wawili wamelala hapo."

Karani akaita jina la Edinah aje atie sahihi. Akaenda, akatia.