Jeshi Langu la Udongo Mbele ya Kambale

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi mchana balaa lilipoanza, na ninawasimulia mwenyewe kwa sababu sokoni mtaisikia tu aibu hii, tena ikiwa imeongezwa chumvi, na chumvi yake haihitajiki.

Mnajua nacheza ule mchezo wa simu wa kukamata madubwana. Ndiyo, na mvi zangu hizi. Alinianzisha binti yangu Rachel kabla hajaenda shule ya bweni Mansa, na tangu aondoke ndiyo njia yetu ya kuongea (msichana wa miaka kumi na tano hana mengi ya kumwambia baba yake, lakini mtumie dubwana adimu uone atakavyokuandikia). Siku hiyo dubwana kubwa, lile ambalo mchezaji mmoja hawezi kulishinda peke yake, lilitokea kwenye ramani palepale bandarini Nchelenge, kwa saa moja tu, na Rachel alikuwa amelisubiri muhula mzima. Nilitaka alipate kutoka kwangu.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Shuleni sikufika mbali, lakini ninachokishika nakisoma mpaka mwisho, hata karatasi ya dawa ya panya, ndiyo maana bandarini wananiita Prof. Sasa, chini ya picha ya kila dubwana pameandikwa asili yake, moto au maji au udongo au umeme au majani, na kila asili ina nyingine inayoiweza. Siku hiyo sikusoma. Nilitazama picha tu: kambale mnene, macho madogo, ngozi ya kijivu yenye madoa. Kila mtu wa ziwa hili anamjua samaki huyo, ukimgusa wavuni anakupiga umeme mpaka bega linakufa ganzi. Nimeuza samaki miaka ishirini, nisome nini tena? Wa umeme. Na katika mchezo ule umeme hauufanyi udongo kitu.

Basi nikawakusanya wachezaji watano wa bandarini, nikawaamuru waweke madubwana ya udongo tu, tena wayalishe akiba yao yote ya chakula cha mchezoni yapate nguvu. Deo, dereva wa minibasi ya Mansa, aliwaacha abiria wamekaa ndani wakisubiri. Aliyesita ni Mama Béa peke yake, yule anayenunua samaki wa kisiwa cha Chisenga, simu mkononi, beseni lake la samaki chini pembeni.

"Papa Prof, ulisoma pale chini? Miye niko naona alama ya tone la maji."

"Mama Béa, huyu samaki tunajuana naye."

"Munajuana na ule wa ziwa. Huyu ni wa simu."

"Weka udongo, mama."

Akaweka, kwa heshima tu.

Mapigano yakaanza, na mimi nikawa nasimamia kama kocha, "Piga! Usirudi nyuma!", hata wabeba mizigo wakatua magunia waje kutazama, na kambale akafungua mdomo, na kilichotoka si umeme, ni maji, maji ya kujaza kioo chote cha simu, na faru wangu wa udongo, niliyemlea tangu Rachel aondoke, akayeyuka kwa pigo moja, akafuata wa Deo, wakafuata wote.

"Anatumaliza!" Deo akalia. "Prof, huyu iko wa maji!"

"Tuko na dakika bado," Mama Béa akasema. "Mubadilishe, muweke majani!"

Hapo ningeweza kunyamaza. (Ningeweza pia kubadilisha.) Badala yake nikarudi nyuma hatua moja, niwaeleze vizuri watazamaji kwamba mchezo ndio uliokosea, kwamba samaki wa sura ile lazima awe na umeme, na hatua hiyo ikaniketisha ndani ya beseni la Mama Béa.

Na humo, chini ya samaki wengine, alikuwamo mmoja wa aina ileile, mzima.

Sitasema alinipigia wapi. Niliruka na sauti ambayo wabeba mizigo wananiigiza mpaka leo, simu ikaruka upande wake ikaingia ziwani, na abiria wa Deo wakashuka wote ili wacheke kwa nafasi.

Mama Béa akanishika mkono. "Ona, Prof," akasema taratibu. "Wa umeme iko huyu."

Kisha wakaweka majani, wakalishinda bila mimi, wala hawakutoka jasho. Mama Béa ndiye aliyelikamata, na ndiye aliyemtumia Rachel. Muda si mrefu simu ya Mama Béa ikalia, ni Rachel, akanipa niongee naye.

"Papa! Nimelipata! Lakini jina hapa ni la Mama Béa. Weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale, mwanangu."

"Palepale wapi?"

Nyuma yake nikasikia wasichana wakicheka, nikajua Deo ameshatuma picha.

"Katika beseni," nikasema.

Alicheka mpaka akakosa pumzi, halafu akataka nianze mwanzo, akaniuliza hili na lile, akanieleza na ya kwao bwenini, na hatujawahi kuongea muda mrefu hivyo tangu aende Mansa. Siku hizi nasoma kila neno chini ya kila picha kabla ya kufungua mdomo, na sisimami karibu na beseni la mtu. Simu nyingine ilikuwa kwacha elfu moja na mia mbili, samaki niliowakalia kwacha tisini, jumla kwacha elfu moja mia mbili na tisini.