Kunde za Mama Mkwe

Mimi hakuna cha kunishangaza. Nilianza na tenga la samaki wakavu kichwani, darasa la tatu nikaliacha njiani, na gesi ilipogunduliwa huku kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, wageni wakaanza kuulizia pa kulala, nani alikuwa na nyumba ya matofali yenye vyumba sita? Mimi! Sita, na madirisha ya vioo!

Basi malaria ikanilaza wakati ule ule wahandisi wa gesi walipotuma ujumbe: wanakuja kuiona nyumba, na mkataba wa kupanga watatia saini na mwenyewe, si na shemeji wa kumwakilisha. Homa ilikwenda zake, ikaondoka na mapaja yangu. Kusimama siwezi.

Nikaagiza kuku wa barafu kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kamba wakubwa, mbuzi mzima. Nikila tu, natapika. Enfermeiro, yule muuguzi aliyenitibu, mtu wa kusini, akaniita bosi kwa Kireno chake: "Patrão, proteína ya kujenga mwili iko hata kwenye kunde."

Nikamcheka. Kunde nilizila hadi basi wakati wa vita. Tangu nijenge, nilizipiga marufuku nyumbani kwangu.

 Mke wangu akamwita mama yake kutoka kijijini Nhica.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na chakula alichokipika yeye hakirudishwi. Niliposikia kinu uani nikajua nimekwisha. Kisha sauti nje ya pazia:

"Mkwe wangu, umeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Bakuli linakuja. Mie niko hapa hapa mkekani mpaka litoke tupu."

Mke wangu akaingia, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Kunde zimemenywa maganda, zimepondwa, zimetiwa tui jepesi.

"Kula, tajiri," akaninong'oneza. "Au nikamwambie mama umekataa?"

Nikala. Zikatulia tumboni! Kesho yake nikaziomba mwenyewe.

"Zimebaki kidogo," mama akajibu nje ya pazia. "Nasikia mwenye nyumba hii hataki kuziona."

Wanawake uani wakaangua kicheko. Nami nikacheka, mbavu zote zikauma.

Wahandisi walipofika walinikuta nimesimama mlangoni. Nikawatembeza vyumba vyote sita kwa miguu yangu hii, nikaandika jina langu kwenye mkataba kwa herufi kubwa kubwa! Walipoondoka tu, nikamtuma mke wangu akamuulize mama kunde zile alizinunua kwa kiasi gani, maana mimi sipendi kudaiwa. Kuku, kamba na mbuzi siwahesabu, waliliwa na majirani. Kilichoninyanyua ni chakula kile cha nyuma ya pazia, na jibu likaja: meticali themanini na tano, pamoja na nazi mbili, fedha isiyonunua hata kuku mmoja.