Cheti cha Dada na Jembe la Shule

Kazi yangu ni kufundisha sheria za elimu na matumizi ya pesa za shule. Kabla hujanihurumia, ngoja nikwambie kwamba katika likizo za miaka ile ya mwanzo ya elimu ya bure, mimi nilikuwa mtu mkubwa sana Kitale. Walimu wakuu wa Trans-Nzoia, wa Bungoma na wa huko juu mlimani walijaa kwenye kampasi yetu ndogo, vyumba vinne juu ya duka la mbolea, kuja kutafuta digrii watoto wakiwa wamefunga shule. Wengine walikuwa na umri wa kunizaa. Nami nilisimama mbele yao na tai yangu, nikiwaeleza ni nani anatia sahihi wapi na mwalimu mkuu anaweza kushtakiwa kwa makosa gani. Ni hapo kwenye kushtakiwa tu ndipo walipoacha kusinzia.

Nilikuwa na misemo yangu. "Mtu hufa, karatasi haifi," niliwaambia, na wao wakacheka, wakaandika. Nikiwa nimepata moto zaidi, nilipiga meza nikasema cheti cha mtihani ni mali ya mwanafunzi, na hakuna mwalimu mkuu mwenye haki ya kukikalia kama kuku anayeatamia. Hilo hawakulicheka. Karibu kila mmoja wao alikuwa na kabati la vyeti alivyokuwa amevikalia.

Sasa, dada yangu mkubwa hakuwa na cheti chake. Alimaliza Fomu Foa katika shule moja ya wasichana upande wa Bungoma, miaka mingi kabla hata mimi sijaota ndevu, na cheti kikabaki kule. Hakuwahi kuniambia sababu, nami sikuwahi kumwuliza. Alikuwa akifundisha chekechea hapo Matisi, katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, na watoto wa Matisi nzima walikuwa wakimwita Mwalimu hata kabla hawajajua kutamka majina ya baba zao. Hakuwa na mafunzo yoyote. Alilipwa kile wazazi walichokuwa nacho, na mwezi mwingine walikuwa na maharagwe.

Mwaka huo kamati ya shule ikamwambia wazi: kuanzia Januari, asiye na mafunzo akae nyumbani. Tayari walikuwa wamemwona msichana mmoja mwenye diploma na viatu virefu. Bahati nzuri, chuo cha walimu wa chekechea pale Kitale kilimwita dada kwenye intaviu. Bahati mbaya, barua ilisema aje na cheti chenyewe. Nakala haitakiwi, wala ile karatasi ya matokeo aliyokuwa ameikunja na kuikunjua mpaka ikawa vipande vinne.

"Hilo niachie mimi," nikamwambia.

"Sawa, lakini kuna kitu kimoja ambacho..."

"Dada, wewe nenda ukapike. Hii ni sheria."

Nikaandika barua tatu, moja kila wiki. Ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili, ya pili nne, ya tatu iliwatajia mahakama. Hakuna aliyenijibu. Ikabaki siku mbili kabla ya intaviu ya Ijumaa. Mwenzangu wa idara, mtu mwenye ulimi mchafu, akaniambia, "Mganga hajigangi, bana. Si uende tu mwenyewe?"

Basi Jumatano nikaingia Bungoma nimevaa suti nyeusi, mkoba umejaa nyaraka. Nikapanda boda boda ya baiskeli kuelekea upande wa Kibabii, na yule mwenye baiskeli akanitazama kwa huruma, akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu.

Nilipofungua mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, nikajikuta natazamana na mwanafunzi wangu mwenyewe, mama mmoja mpole aliyekuwa akikaa safu ya pili kila likizo, ambaye nilikuwa nimempa alama hamsini na mbili kwa insha yake kuhusu haki za mwanafunzi. Alikuwa amehamishiwa shule hiyo muhula ule ule. Mezani palikuwa na sahani ya njugu.

"Daktari! Karibu sana, chukua njugu. Barua zako tumezipata zote tatu."

"Na hamkunijibu hata moja!"

"Hazikuuliza kitu, Daktari. Zilituambia tu kwamba tutafungwa. Tukazifaili."

Akafungua kabati, akatoa cheti cha dada yangu, akakilaza mezani. Kilikuwa kimegeuka rangi ya chai lakini hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Nikanyoosha mkono. Naye akaweka kiganja chake juu yake, taratibu, halafu kwa mkono wa pili akavuta leja kuukuu ya stoo.

"Kuna hili tu. Jembe moja. Halikurudishwa."

Kama ulisoma shule za bweni huku kwetu, unalijua jembe hilo. Ukienda Fomu Wani unapewa orodha: godoro, ndoo, fyekeo, jembe. Jembe linaingia stoo, linaandikwa jina lako, unalilimia shamba la shule miaka minne, na siku ya kuondoka unazunguka na fomu kutoka maktaba hadi jikoni hadi stoo, kila mtu atie sahihi kwamba hudaiwi. Kwenye fomu ya dada sahihi zote zilikuwepo. Mstari wa stoo ulikuwa mtupu.

"Jembe?" nikasema. "Mmekalia maisha ya mtu kwa sababu ya jembe?"

Hapo ndipo nilipoanza. Wacha nikiri kwamba nilifurahia. Niliuliza jembe lililonunuliwa na baba yangu kwa pesa yake limekuwaje mali ya shule. Niliuliza kama alipewa risiti. Niliuliza kama deni la jembe halina kikomo cha miaka. Nilisimama, nikakaa, nikagonga meza, nikasimama tena. Mama yule akawa anatafuna njugu zake, anaitikia kwa kichwa kama alivyozoea darasani. Nilipomaliza, akatoa daftari kwenye mtoto wa meza.

"Ukurasa wa nane wa notsi zako, Daktari. 'Kitu chochote kikishaingizwa kwenye leja ni mali ya umma, na hakitoki bila maandishi.' Nimepiga mstari mwekundu. Na hapa chini uliongeza: mtu hufa..."

"Najua nilichoongeza."

"Mimi ni mgeni hapa. Wakaguzi wanakuja mwezi ujao, na leja hii nimeirithi. Cheti sikatai, kweli sheria ni kama unavyosema. Lakini nikikitoa na mstari huu mtupu, nitawaambia nini? Si ununue jembe moja tu hapo sokoni Bungoma? Nusu saa tumemaliza."

Mtu mwenye akili timamu angekwenda sokoni. Mimi nilisimama nikafunga kifungo cha koti.

"Kununua ni kukiri kosa," nikasema. "Dada yangu si mwizi. Nawapa ilani ya siku saba."

"Siku saba tutakuwa tumefunga shule, Daktari," akasema kwa upole, na akanifungia njugu kwenye karatasi nile njiani.

Nilirudi Matisi jioni nikiwa na raha ya mshindi. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikamsimulia yote, hata pale nilipogonga meza. Nikamwigiza yule mama na njugu zake. Dada hakucheka.

"Siku saba," akasema. "Na intaviu ni kesho kutwa."

"Sheria ina mwendo wake, dada. Huwezi kuwaachia watu wakusingizie. Ati hukurudisha jembe! Uongo mtupu!"

Akaweka ungo chini.

"Si uongo. Nililichukua."

Nikauweka mkoba chini, karibu na ungo.

"Ndicho nilichokuwa nakwambia siku ile, ukanituma jikoni," akasema. "Baba alikuwa amelala kitandani mwaka ule. Jembe la nyumbani lilikuwa limevunjika. Siku ya kufunga nililifunga ndani ya shuka, nikatoka nalo getini nimeliweka kichwani pamoja na godoro. Nikalimia watu vibarua misimu miwili, kwa kina mama wa Kimilili hadi huko juu mlimani. Wewe ulifikiri karo yako ya Fomu Wani ililipwa na nani? Na katiba?"

"Na kwa nini hukununua jingine ukawarudishia?"

"Kila nikipata pesa ya jembe, wewe unataka viatu. Nilienda mara mbili kuwaomba. Wakaniuliza jembe liko wapi. Ningewaambia nini, mtu mzima mimi? Nikaona haya, nikaacha."

Nikauliza, kwa sauti ndogo, lile jembe lilienda wapi mwishowe.

Alinitazama kama anavyowatazama watoto wake wa chekechea wanapojikojolea.

"Si ulienda nalo shule wewe! Orodha yako ilitaka jembe. Nikupe lipi jingine?"

Nikalikumbuka. Jembe lililolika mpaka limebaki nusu, mpini wake umefungwa kitambaa mahali mkono unaposhika. Nililionea aibu mbele ya wavulana wenye majembe mapya. Miaka minne baadaye mtunza stoo wa shule yangu alilipokea, akalitazama, akasema, "Jembe ni jembe," akatia sahihi. Wiki ile ile nikapewa cheti changu. Nimekitia kwenye fremu ya kioo, kipo ofisini, na kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu kwamba nilikipata kwa jasho langu.

Jamani, niliona aibu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale na suti yangu. Dada akaniwekea ugali mbele, akasema nile, kesho ninaamka mapema.

Alhamisi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya shamba Kitale wakati mwenyewe anafungua mlango. Nikanunua jembe la bei ya juu kabisa, chuma kinang'aa, nikalifunga kwenye gazeti. Saa tano nilikuwa mbele ya mtunza stoo wa ile shule, mzee mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni. Alilifungua gazeti, akaligeuza jembe huku na huku, akanitazama.

"Hiki ni nini?"

"Jembe."

"Jembe liko wapi? Hiki ni chuma." Akafungua leja, akaniwekea kidole. "Soma hapa, Daktari. 'Jembe moja na mpini wake.'"

Nilikuwa nimesahau mpini. Nina digrii tatu, na nilikuwa nimesahau kwamba jembe huuzwa bila mpini.

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nilikuwa na hoja, tena nzuri: neno jembe lina maana gani kisheria, na kama mpini ni sehemu ya kitu au ni nyongeza. Nikaufunga. Nikatoka mbio nikamkuta yule yule wa baiskeli wa jana getini. Akaona chuma mkononi mwangu, suti, na jasho.

"Kumbe hata kaburi hamjachimba?" akasema. "Panda."

Tulizunguka. Fundi wa kwanza alikuwa ameenda kanisani kwenye harusi. Wa pili alikuwa na mipini ya shoka tu. Tulimpata wa tatu karibu na reli, naye akachonga polepole huku akinisimulia habari za shamba lake, akinichagulia mti usioliwa na wadudu. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Niliporudi, ofisi zilikuwa karibu kufungwa, na mimi nimekaa nyuma ya baiskeli na jembe begani, tai imepinda, wasichana wa bweni zima wamejipanga uani wananishangilia.

Mzee wa stoo alilishika jembe, akalipiga chini mara mbili, akatia sahihi. Mwalimu mkuu akagonga muhuri wenye tarehe nyuma ya cheti cha dada, akanipa kwa mikono miwili.

"Nitaisoma ile insha yako tena," nikamwambia. "Nadhani nilikosea."

"Isome tu, Daktari. Sikuulizi alama." Lakini nilimwona akitabasamu.

Ijumaa nilimsindikiza dada hadi kwenye geti la chuo. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na cheti amekitia ndani ya Biblia kisikunjike. Wengine waliokuwa wakingoja walikuwa wasichana wadogo kabisa, wa kumwita mama. Akaingia. Nikakaa nje kwenye ukuta saa nzima nimemshikia mwavuli na mfuko wa ndizi, nikitazama saa mara nyingi kuliko siku niliyotetea tasnifu yangu.

Alipotoka, nilimkimbilia.

"Wamekuuliza nini?"

"Wameuliza mbona cheti kimetolewa jana na mtihani nilifanya zamani hivyo."

"Ukawajibuje?"

"Nikasema nilikuwa nasomesha mtu."

"Halafu?"

"Wakaniuliza kama huyo mtu alifaulu." Akachukua mfuko wake wa ndizi mkononi mwangu, akachagua moja, akaimenya. "Nikawaambia alifaulu, lakini ana kelele. Wamenichukua. Twende nyumbani, njaa inaniuma."