Mapasa kwenye Barza ya Kambo

Zamu wa parke, mlinzi wa ile bustani ya mji, aliponiambia nifiche titi langu na nishuke kwenye barza, uvumilivu wangu uliisha pale pale.

"Mama, shuka! Hapa banakataza kukaa. Ni nyumba ya historia."

"Historia ya nani? Mwenye kuijenga ni kambo yangu mwanaume. Bibi yake ndiye huyu unamufukuza na fimbo!"

Kambo wangu mwanamke, mzaa mama yangu, alikuwa nyuma yangu, pacha wangu mmoja mgongoni, bonge la pemba, udongo mweupe wa baraka, mkononi. Pacha wa pili alikuwa ananyonya. Tulikuja kwa jambo moja tu: mapasa wangu, hao pacha, wapakwe pemba mlangoni, waingie chumba alichozalia kambo watoto wake wote, nyumba iwajue. Kwetu mapasa wasiotambulishwa nyumbani huuguaugua. Nimesoma kwa masista, najua wataita huu ushenzi. Waite.

Nyumba ile ilisimama wakati Elisabethville ilikuwa bado vumbi na vichuguu. Kambo mwanaume, mtu wa reli, alibomoa kichuguu kizima akachoma matofali mwenyewe. Majirani wakamcheka: "Unajijengea kanisa?" Kisha wakaja kuomba yaliyobaki. Mama yangu alizaliwa mle. Mimi nilijifunza kutembea nikishika ukuta ule. Halafu mji ukataka mahali pa kutembeza watoto wa wazungu jioni. Tukahamishiwa cité mpya, mtaa wa watu weusi, sote, nyumba za majirani zikabomolewa. Yetu iliachwa kwa sababu bwana mmoja mzungu alipenda matao yake. Wakaipaka chokaa, wakapanda waridi pale kambo mwanamke alipopanda mboga yake ya lengalenga, wakafunga kufuli.

Hata shimo la barza wamelipa hadithi. Zamu akatuonyesha kwa fahari: "Hapa bwana wa zamani alisimamisha bendera."

"Bendera!" kambo akaguna. "Pale nilitwanga muhogo, mutoto wangu. Unaniona mimi bendera?"

Hapo nikaanza kuimba. Mama wa mapasa ana ruhusa: humtukana amtakaye, na anayetukanwa hana haki ya kukasirika, acheke tu na atoe zawadi. Nikaimba miguu ya zamu, nikaimba kaptula yake, nikaimba na kilichomo ndani ya kaptula. Kambo akaitikia kwa makofi. Mayaya wakaja mbio na vigari vya watoto, wakaitikia nao. Zamu, Muluba wa kaskazini kama sisi, alibana midomo, akashindwa, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akacheza. Akatumwagia karanga zote za mfukoni.

"Mama ya mapasa, umenishinda. Lakini funguo haiko kwangu. Iko ku biro."

"Basi biro itatuona."

Kesho yake tukaenda biro, ofisi ya mji, na karani alitaka turudi wiki ijayo. Nikamwomba karatasi, nikamwandikia mkubwa wake mashtaka kwa Kifaransa cha masista. Yalisema hivi:

"Bwana, ninashtaki kufuli mliyoweka kwenye mlango wa nyumba yetu. Aliyeijenga amekufa, mke wake yuko hai, na yuko hapa. Tunataka mlango ufunguliwe siku moja, mchana, tuingie na watoto wawili, pemba na ngoma. Zamu hana kosa, msimfukuze. Hatutaki kurudishiwa nyumba, tunataka kuingia. Jibu tunalingoja mlangoni kwako. Watoto wote wawili wana njaa, na mimi nitawanyonyesha hapa hapa."